Ratili Mbili na Nusu

Mimi Dalmas nilikuwa karani wa mizani pale gudishedi ya Nakuru, ile bohari ya mizigo ya reli, na sikuwahi kubishana na mtu juu ya uzito nikashindwa. Wenye mashamba walikuja wakifoka kwamba mahindi yao yamepunjwa. Niliwaonyesha mizani, wakarudi kwenye magari yao kimya. Chuma kile nilikipenda, na nilikitangazia sifa hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Ndiyo maana Wasike alipimwa kwangu. Alikuwa mbebaji wa magunia, Mbukusu mfupi mwenye mabega mapana, na akitoka kazini alipiga ndondi. Mwaka wa hamsini na moja aliingia ndondi za kulipwa, na kwa miaka saba akapigana mara thelathini na moja, Kisumu, Eldoret, Nairobi, hata Kampala. Alishindwa mara nne tu, na moja kati ya hizo mpaka leo nasema refa alikuwa amelala. Mkanda wa ubingwa wa uzito mwepesi ulining'inia kwenye msumari katika chumba chake kwenye landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, juu ya sufuria. Kila Jumamosi asubuhi alipanda mizani yangu na kaptura tupu, nikamsomea uzito kwa sauti, makuli wote wakasikia.

Jambo moja lilinichekesha. Kila mji tuliokwenda, mizani ya huko ilisoma zaidi ya yangu. Niliwaambia watu mizani ya Kisumu ni mgonjwa na ile ya Eldoret imezeeka. Wasike wakati huo alikuwa mwembamba, chini ya mpaka kwa ratili tano au sita, kwa hiyo hakuna aliyejali.

Kisha akamwoa Naliaka. Huyo mama alijua kupika, tena hakupimia mtu chakula. Ugali wa wimbi, kuku, mboga za maziwa. Mashavu ya Wasike yakajaa, akawa anapiga mluzi akibeba magunia. Siku moja mwaka wa hamsini na nane akaniambia, "Karani, nikimalizana na huyu Kimaiyo naacha. Lakini huu mkanda nataka kuuweka chini mwenyewe. Sitaki mtu anivue."

Kimaiyo alikuwa askari kijana wa kambi ya Lanet, na hakuna aliyekuwa amempiga bado. Sheria ilikuwa wazi: bingwa akizidi ratili mia moja thelathini na tano, mkanda unamtoka bila hata ngumi moja. Asubuhi ya pambano Wasike alipanda mizani yangu. Ikasimama kwenye mia moja thelathini na tano kamili, wala haikutikisika. Tukaenda ukumbini tukiimba.

Pale daktari akampima, akavaa miwani, akampima tena. "Mia moja thelathini na saba na nusu."

Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Nikasema hiyo mizani ni ya kupimia vitunguu. Daktari alichukua jiwe la ratili hamsini, akaliweka juu, na mizani ikasoma hamsini.

Watu wakamgeukia Naliaka. "Mama, umemlisha bwana mpaka umemvua mkanda!" Naliaka akatazama viatu vyake. Wasike alisimama tu na kaptura yake, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa. Msimamizi akatupa saa moja ya kupunguza uzito.

Nilikimbia gudishedi kutafuta magunia ya kumtoa jasho. Gunia moja tupu lilikuwa limeachwa juu ya mizani yangu. Nikainama kulichukua, nikaona mkono wa mizani umetulia kwenye sufuri.

Wiki yangu ya kwanza kazini, kabla sijamjua Wasike, nilikaza skrubu ya nyuma ili mizani iondoe yenyewe uzito wa gunia tupu, nisihangaike na penseli kwa kila mzigo. Ratili mbili na nusu. Nikasahau kabisa, kwa sababu kila kitu nilichopima kilikuwa kimevaa gunia. Wasike peke yake ndiye aliyekuja uchi.

Sikumwambia mtu. Niliona aibu, huo ndio ukweli. Tulitoboa magunia matatu, tukamvisha, akakimbia barabara ya kupanda Dundori huku mimi namfuata kwa baiskeli. Jasho lilimtoka mpaka viatu vikalia. Tuliporudi, dakika kumi zikiwa zimebaki, daktari akasoma: bado robo ratili.

Wasike alikuwa na nywele nyingi, amezichana njia upande mmoja kama walivyofanya vijana wa studio za picha. Alizitunza kuliko mkanda. Naliaka alitoa wembe kwenye leso yake, akamketisha kwenye ngazi.

"Inama, baba."

Akainama. Aliponyanyuka alikuwa na kichwa kama yai, na mizani ikasoma mia moja thelathini na tano. Naliaka akakaa chini palepale, juu ya nywele za mumewe, akalia kwa furaha.

Kengele ililia saa tisa alasiri. Mbio zile zilikuwa zimemla Wasike miguu, na raundi ya tano Kimaiyo alimwangusha. Refa akahesabu mpaka sita ndipo akainuka. Kuanzia hapo aliacha kurukaruka. Alisimama katikati ya ulingo na kumwachia yule kijana azunguke, na kila alipokaribia alikutana na mkono wa kushoto. Raundi ya kumi na mbili ilipoisha, refa aliinua mkono wa Wasike. Ameshinda kwa pointi. Nilimkumbatia kuli nisiyemjua.

Watu wakaanza kumtania Naliaka, "Mpishi! Mpishi!" naye akacheka, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikapanda ulingoni.

"Si shemeji," nikasema. "Ni mizani yangu. Miaka saba nimekuwa nikimtolea uzito wa gunia ambalo hajavaa."

Naliaka akaninyooshea kidole. "Kumbe Karani ndiye amemnyoa bwana yangu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wasike alicheka mpaka akashika mbavu zilizopigwa. Kisha akafungua mkanda kiunoni, akaubusu, akauweka chini katikati ya ulingo kwa mikono yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata sikumtegemea. Alikuja saa ileile, kipara kinang'aa, na gunia tupu begani. Akapanda mizani.

"Soma, Karani."

"Mia moja thelathini na tisa," nikasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsomea rafiki yangu uzito wake wa kweli.

"Vizuri," akasema Wasike, akishuka. "Funga hiyo mizani twende. Naliaka amechinja kuku, na amesema wewe utapewa shingo tu."