Mtoto Harudishwi Mungaa

Kichwa cha Alute kilipoanza kukua kuliko mwili wake, watu wa kijijini Mungaa walimpa majina mengi. Elina, mama yake, aliyasikia yote, na hata siku moja hakumfunika mtoto kwa khanga ili asionekane. Alimbeba mpaka hospitali kubwa ya mbali, na huko mtoto akapasuliwa, akawekewa mpira wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni.

Kichwa kikapungua, mtoto akacheka. Lakini kabla hawajaruhusiwa, akaanza kutapika. Akalala usingizi mzito, hata akifinywa haamki, na mkono wa kushoto ukakakamaa. Picha ya kichwa ilionyesha damu. Daktari alimweleza Elina kwamba maji yalishuka upesi mno, ubongo ukanywea, vimishipa vya juu yake vikachanika. Ilibidi afunguliwe tena, damu itolewe, mpira ubadilishwe. Hakumficha kwamba mtoto angeweza kufia mezani.

Mzee Mughwai, baba mkwe wake, alikuwa amekuja kuwajulia hali. Akasema ukoo umeshakaa kikao na kuamua: mtoto arudishwe, akafie kwao. Leonard, mume wa Elina, alitazama sakafu.

Elina alipiga goti kama impasavyo mkwe, ila sauti yake haikupiga goti.

"Baba, kaburi mmeshachimba?"

Elina hakungoja jibu.

"Kama bado, msichimbe. Mwanangu anapumua. Anayetaka kumrudisha Mungaa, anibebe mimi kwanza."

Akainuka, akaweka saini kwenye fomu ya upasuaji.

Alikaa nje ya chumba cha upasuaji, chai akaikataa. Mama mmoja wa wodini akamshauri amwachie Mungu. Elina akamjibu kwamba Mungu ndiye aliyemwachia yeye huyo mtoto.

Alute alitoka hai. Mkono wa kushoto haukurudi sawasawa, alichelewa kukaa, na mpaka leo safari za kliniki haziishi, maana mpira huweza kuziba wakati wowote. Jumapili ya kwanza nyumbani, Elina alimpeleka kanisani kichwa wazi, makovu yote nje, akaketi benchi la mbele. Waliotaka kutazama, wakatazama mpaka wakachoka.

Baada ya ibada mzee Mughwai alisogea polepole, akanyoosha mikono, akaomba kumpakata mjukuu.

Elina alimweka mtoto begani.

"Nawa kwanza, baba," akasema. "Kwa sabuni."

Mzee akaenda kunawa.