Neno "Sote"

Mama Pistoni alikaa karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kutoa pole aondoke. Na wala hakuwa mgeni. Karakana ya injini za pampu aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa kwenye chama cha watengenezaji injini tangu enzi za wanachama kukutana kwenye stoo ya vyuma chakavu.

Aliyekalia kiti cha mbele ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwenyekiti wa chama. Serikali ilitaka injini mpya zote zipunguze moshi kuanzia mwakani, na afisa wa mazingira alikuwa chumba cha pili akingoja kauli ya chama. Shemeji akaisoma kwa sauti ya kupanda na kushuka: "Sisi sote tunaomba sheria hii iahirishwe, kwani haitekelezeki."

Neno "sote" likamchoma Mama Pistoni kama mwiba wa samaki. Yeye alikwisha kung'oa mitambo ya zamani na kufunga mipya, na injini zake safi zilikuwa zimepangwa stoo, zimefunikwa maturubai. Sheria ikiahirishwa, nani atanunua injini ya bei ya juu na ile ya moshi ipo? Karakana itafungwa.

"Shemeji, leo umekaa mbali," mwenyekiti akamtania. "Unatuogopa?"

"Naiogopa hiyo tai, shemeji. Naona inataka kukunyonga kabla afisa hajakuona."

Wakacheka. Shemeji naye akacheka, ila macho hayakucheka. "Utani tu. Lakini mashine ya kupimia moshi ni ya chama. Aliye nje ya chama atapimia wapi, kwa pua?"

Wakacheka tena, Mama Pistoni hakucheka.

Desturi yao ilikuwa hivi: mwenyekiti huuliza kama kuna mwenye neno, kisha hugonga glasi kwa kalamu. Aliyenyamaza mpaka glasi ilie, amekubali.

"Kuna mwenye neno?" Kalamu ikainuka.

Mama Pistoni akaitazama ile kalamu ikishuka.

"Ninalo."

"Mambo ya nyumbani tutayamaliza nyumbani, shemeji."

"Hili si la nyumbani. Umesema sote, na mimi nimo. Mimi siombi kuahirishiwa. Liondoe hilo neno."

"Nikiliondoa, hatusikilizwi. Afisa ametaka kauli moja."

Mlango ukafunguliwa. Afisa akachungulia, miwani mkononi. "Mko tayari? Ni kauli ya wote?"

Shemeji akajipangusa paji la uso, akaitazama karatasi, akamtazama mke wa kaka yake.

"Karibu wote," akasema.

"Nani hayumo?"

Mama Pistoni akasimama. "Mimi. Injini zangu zinatimiza masharti."

Afisa akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Basi siwezi kuipokea kama kauli ya chama. Sheria inabaki ilivyo."

Watu wakakusanya karatasi zao bila kuagana naye. Shemeji akamfuata hadi kwenye ngazi.

"Umetuvua nguo mbele ya wakubwa."

"Mlitaka kunizika nikiwa hai, baba."

"Na kupimia utapimia wapi?"

"Sijui," alisema, na kweli hakujua.

Akashuka taratibu, mkono ukutani. Alipofika chini akampigia fundi wake mkuu.

"Msizime mitambo," akamwambia. "Endeleeni."