Mgongo wa Feleti

Feleti alianguka kutoka juu ya mshelisheli, na tangu siku hiyo miguu yake ilikuwa kama ya mtu mwingine. Hospitalini walimrudisha kisiwani wakisema hakuna la zaidi. Mtu wa namna hiyo huuawa na godoro, kwa vidonda vya kulala, na aliyelijua hilo kuliko wote ni dada yake Kalolaine, nesi pekee wa kisiwa.

Miaka kumi na minane alikuwa amefundisha wanagenzi wa unesi waliotumwa zahanati kwake: mgeuze kila saa mbili, mkaushe vizuri, mkague kwa macho yako mwenyewe. "Macho ya nesi hayatumi mwakilishi," aliwaambia.

Lakini huyu ni kaka. Tangu avunje ungo Kalolaine hakuwahi kuingia chumba alicholala Feleti, wala, kwa mila ya kisiwa, mwili hautajwi kaka na dada wakisikilizana. Kwa hiyo kila asubuhi alisimama nje ya dirisha na kumuuliza Seini, mke wa Feleti.

"Umemgeuza, wifi?"

"Nimemgeuza."

"Mgongo?"

"Mzima. Hata kipele hakuna."

Ndani Feleti alikohoa, ndiyo salamu yake. Kalolaine akaenda zake zahanati, roho kwatu.

Siku ya kumi na tisa upepo ulitokea upande wa nyumba, ukaja na harufu. Nesi haulizi harufu ile ni ya nini.

"Seini! Si uliniambia mgongo mzima?"

"Mgongo mzima, wifi, haki ya Mungu." Seini aliinamisha kichwa, sauti ikashuka. "Kidonda kiko chini. Chini ya mgongo. Ningesemaje na mwenyewe anasikia? Na wewe hukuuliza."

Hakuuliza. Mwalimu mzima, aliyewagombeza wasichana wa watu kwa kuona haya kutaja viungo kwa majina yake, alishindwa kusema "makalio" mbele ya dirisha. Adabu ni jambo jema, lakini siku ile Kalolaine aliichukia, akajichukia na yeye mwenyewe.

Alichukua beseni, akaingia. Feleti akajifunika shuka usoni.

"Mtoe, Seini! Mtoe!"

Seini akampisha wifi yake. Kalolaine akamgeuza kaka yake ubavu. Ngumi ingeingia kwenye kile kidonda, na mfupa ulionekana. Mwili ulikuwa unachemka kwa homa, na meli ya kumpeleka hospitalini ilikuwa bado siku sita. Alisafisha kwa maji ya chumvi, akaweka dawa, akafunga bandeji. Hakukosea hata hatua moja, na alijua yote ni bure. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ndipo sauti ikatoka chini ya shuka.

"Seini, huyo ni nani?"

Seini alimtazama wifi yake. "Nesi."

"Mwambie ana mikono myepesi." Akaishika shuka isimtoke usoni. "Na mwambie asimwambie dada yangu."

Alifariki meli ikiwa bado siku mbili. Wakamlaza juu ya mikeka, na Kalolaine, kwa kuwa ni dada, akaketishwa kichwani pa maiti, mahali pa heshima, karibu kuliko hata mke. Waombolezaji walipita mmoja mmoja wakimsifu: hakuna dada kisiwani aliyemstahi kaka yake kama yeye. Kalolaine alimshukuru kila mmoja.