Vitanzi Arobaini na Viwili

Loishiye aliamini kwamba mkewe, Naipanoi, anawahesabia Wajerumani ng'ombe wake.

Shaka hiyo ilimwingia wakati wa masika. Naipanoi alikuwa akipanda kwenda misheni na wanawake wengine, na huko mke wa mchungaji wa Kijerumani, waliyemwita Bibi, aliwafundisha kufuma sufu. Siku moja akarudi na donge la uzi wa kijivu na sindano mbili za chuma, ndefu kama mkono wa mtoto. Nyumbani mwao mlikuwa na giza hata mchana, kwa hiyo jioni alikaa nje kando ya lango la zizi, mahali penye mwanga. Hapo hapo ndipo ng'ombe walipopita wakirudi malishoni. Walipita, sindano zikigongana, na midomo ya Naipanoi ikicheza.

"Arobaini, arobaini na moja, arobaini na mbili."

Kisha anageuza ile kazi, anaanza tena.

Loishiye hakukijua Kiswahili sana, lakini namba za Kiswahili alizijua vizuri. Alizisikia kwa askari wa boma la Arusha akiwa kijana, baada ya vita na Wajerumani, waliposimama kwenye zizi la baba yake wakimnyooshea kidole kila ng'ombe aliyetoka. Wale waliohesabiwa siku ile hawakurudi hata mmoja.

Na kwa Waarusha ng'ombe hahesabiwi, kama mtoto asivyohesabiwa. Ukimtaja kwa namba umemwonyesha kifo mlango. Mwenye mali husimama langoni jioni akatazama rangi na pembe, na akikosekana mmoja analiona pengo lake, kama mtu anavyoliona pengo la jino. Basi Loishiye hakujua ana ng'ombe wangapi. Hakuwahi kutaka kujua. Sasa alitaka, maana kama kweli walikuwa arobaini na wawili, shaka yake ingekuwa imepata ushahidi. Lakini njia ya kujua ilikuwa moja tu, kuwahesabu, na hilo hakuliweza. Akabaki na ile namba tumboni kama mfupa.

Akajaribu kumchimba mkewe kwa maneno ya kando.

"Huyo Bibi anakuuliza nini ukienda?"

"Ananiuliza nimefikia ngapi," alisema Naipanoi bila kuinua uso.

"Nawe unamwambia?"

"Namwambia. Nisipomwambia atanisaidiaje?"

Loishiye aliondoka na jibu lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye wa kwake alikuwa anakula naye sahani moja.

Akaamua kumpima. Alfajiri moja alitoa mitamba minne, akaiteremsha mpaka tambarare ya Kisongo kwa Lekishon. Lekishon alikuwa rafiki yake wa kupeana ng'ombe, na watu wa namna hiyo hawaitani kwa majina tena, wanaitana pakiteng'. Jioni Loishiye akawahi langoni, akajifanya anakaza miiba ya ua.

"Thelathini na tisa," alinong'ona Naipanoi, "arobaini." Akageuza.

Namba imeshuka. Ilishuka mbili wakati yeye aliondoa minne, lakini mwenye shaka hahitaji hesabu ikae sawa. Jioni ya pili ikashuka tena, thelathini na nane. Hapo Loishiye akasadiki kwamba mwanamke ameona, na kwamba huko boma mtu atakuja kuuliza mitamba imekwenda wapi.

Alipomwambia mkewe kwamba anawateremsha ng'ombe wote isipokuwa wawili wa maziwa, Naipanoi aliweka sindano chini.

"Kisongo kuna kupe, baba Lomayani. Hawa ni wa mlimani, hawajazoea. Na majani si haya hapa?"

Kwa Loishiye hilo lilikuwa neno la mtu anayetaka mali ibaki karibu na mkono wa mwizi. Kesho yake akaondoka nao.

Lekishon aliwapokea akicheka. "Pakiteng', umewaleta wote, au umebakiza mmoja wa matanga yako?" Kisha akashika ng'ombe mmoja sikio, akaligeuza, akaacha kucheka. Alisema masikio ya ng'ombe hawa ni laini kama ya maharusi, na kupe wa huku hawana heshima. Loishiye akamjibu kwamba kupe hawana bunduki.

Nyumbani Naipanoi aliendelea kufuma. Zizi lilikuwa tupu, lakini midomo iliendelea kucheza, na Loishiye akajiambia kwamba sasa anafanya kwa kiburi tu.

Haukupita mwezi. Mchana mmoja alikuwa nyuma ya ua akichonga mpini, akamwona mkewe ameinamia kazi yake kama mtu anayetoa mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Naipanoi alitoa kitanzi cha mwisho kwenye sindano, akapitisha uzi ndani yake, akavuta, akakata kwa meno. Akainua kile kitu juu kwa mikono miwili. Kilikuwa na mwili na mikono, kama fulana ya Mzungu, ila kidogo. Akakigeuza ndani nje, akakigeuza tena. Akakiweka chini, akaenda kuchochea moto, akarudi mbio kukitazama kana kwamba kingeweza kufumuka chenyewe. Kisha akacheka peke yake, kicheko cha chini, cha kushiba.

Loishiye hakuwa amemwona na uso ule tangu siku aliyozaliwa mtoto wao Lomayani. Akaona sasa hesabu imekamilika, na malipo yako njiani. Akatoka nyuma ya ua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza," alisema Naipanoi, bado akicheka. "Tazama."

"Umewaambia ni wangapi?"

"Nani?"

"Wajerumani. Ng'ombe wangu."

Kicheko kilimtoka usoni polepole. Loishiye alimwona akirudi nyuma kwa mawazo, jioni moja moja, mpaka akafika pale shaka ilipoanzia. Hakupiga kelele. Alimketisha, akamwekea ile fulana magotini, akakishika kidole cha mumewe, akakipitisha kwenye pindo la chini, kitanzi kwa kitanzi, akihesabu kwa sauti. Viliishia arobaini na viwili. Kisha akakipandisha kidole hadi kwapani pa fulana, akamweleza kwamba hapo lazima vipunguzwe viwili viwili, la sivyo mkono haupati pa kuingilia. Hesabu ikipotea, alisema, kazi yote inafumuliwa.

"Na ng'ombe nakamua mimi," akasema. "Ningetaka kukuuza ningemwambia Bibi rangi zao. Namba ya nini?"

Loishiye akauliza, kwa sauti ndogo, fulana ni ya nani.

"Ya Lomayani, kama itamtosha. Lakini sikuwa nikimfikiria yeye. Nilitaka kuona kama uzi unaweza kuwa nguo mikononi mwangu. Umekuwa. Nilitaka nifurahi leo, nawe umenipokonya."

Asubuhi Naipanoi alimvalisha mtoto ile fulana, ikamtosha, akamchukua, akarudi naye kwao kwa baba yake, upande wa Olmotonyi.

Loishiye aliteremka Kisongo siku hiyo hiyo. Lekishon alimpokea njiani, na safari hii hakuwa na utani. Ndigana, homa iletwayo na kupe, ilikuwa imeingia. Ng'ombe walisimama na shingo zimevimba tezi, wakipumua kama watu waliopandishwa mlima na mzigo.

Askari hawakuja, mwaka ule wala uliofuata.

Walioshuka Kisongo, pamoja na ile mitamba minne, walikuwa thelathini na sita. Ishirini na saba walikufa. Tisa walirudi, wakawakuta wale wawili wa maziwa. Naipanoi alikaa kwa baba yake miezi minne, na kumrudisha kulimgharimu Loishiye mtamba mmoja, kondoo dume mmoja na mtungi wa pombe ya asali. Wakabaki ng'ombe kumi. Sindano Naipanoi alimrudishia Bibi, na hakufuma tena.