Diski Kwenye Droo

Kompyuta ya usharika ilikuwa mgonjwa wangu kwa miaka kumi. Halafu Happiness akarudi na cheti chake cha chuo, akafungua steshenari hapa Soni mkabala na yangu, na Mzee Sefania, katibu wa usharika, akaipitisha mashine mlangoni pangu akampelekea yeye. Wivu ulinipanda mpaka nikamharibia mteja kopi zake.

Ijumaa binti mwenyewe akaja.

"Shikamoo, Mama Yohane."

Sikuitikia. Tangu afungue duka alikuwa akiniamkia kila asubuhi, nami najifanya napanga karatasi.

"Faili la kuwashia limepotea," akasema. "Mashine ya zamani, haikubali flashi. Mzee anasema diski ya Windows yake unayo wewe. Vyeti vya kipaimara vinatakiwa Jumapili."

Diski ilikuwa kwenye droo, usawa wa goti langu. Ningeweza kusema sina. Lakini nilitaka Mzee Sefania anione nikimaliza kazi iliyomshinda huyu msomi.

"Naileta mwenyewe," nikamwambia. "Nitapiga Windows upya, kama nilivyofanya siku zote."

"Ukipiga upya majina yatafutika, mama. Tunarudisha faili moja tu."

Nikamfuata nimenuna hadi dukani kwake, Mzee Sefania alikokuwa akisubiri. Aliingiza diski, akaandika mistari miwili kwenye kioo cheusi, akawasha. Ikawaka, na majina yote yamo. Roho iliniuma kuona kazi ilivyokuwa ndogo.

"Tungekuwa naye mwaka ule umeme ulipotufutia majina," Mzee Sefania akasema. "Na kitabuni tulikuwa tumeacha kuandika, eti kompyuta imekuja."

Haukuwa umeme. Nilipiga Windows upya, majina yakaenda, nikanyamaza.

Happiness akaacha kuchapa. Akanigeukia mimi, niliyemwambia kwamba siku zote napiga upya.

"Mimi ni wa mwaka ule," akasema. "Juzi nilikwenda kuandikisha ndoa, nikaambiwa kwenye kipaimara jina langu halimo."

Akaifuta diski kwa kitenge chake, akanirudishia kwa mikono miwili. Mbele ya mzee hakusema zaidi.

Jumamosi niliwahi kufungua, nikasimama mlangoni. Nilikuwa nimeamua kumwitikia, na baada ya hapo kumwambia ukweli. Akaja na funguo zake mkononi, akapita hatua mbili kutoka nilipo, akafungua duka lake. Hakuniamkia.