Jasho la Samaki

Mama Mapazia aliingia kwenye shindano la biashara la televisheni kwa sababu moja tu: korido. Cherehani yake ilikaa kwenye korido ya nyumba ya baba yake, katikati ya sebule na choo, na kila aliyebanwa ilibidi aruke kitambaa cha mteja ndipo afike anakokwenda. Mapazia mangapi ya watu yamekanyagwa pale, usiulize. Sebuleni nafasi ilikuwepo tele, lakini palikuwa na kiti cha baba na redio ya baba, na baba hakutaka cherehani imvurugie taarifa ya habari. Mshindi wa shindano angepewa fremu ya duka katikati ya mji, yenye mlango wa kioo. Aliitaka fremu ile mpaka akawa anaiota, na ndotoni hakuna mtu aliyekuwa anaenda chooni.

Baba mtu alikuwa mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alilinda maktaba, kwa nje, getini, na kwa kukaa kwake karibu na vitabu mtaa mzima ukamwita Profesa. Jina lile lilimkolea. Ukimuuliza kitu, jibu umeshapewa kabla hujafunga mdomo. Tangu bintiye achaguliwe, alikuwa akipita kwa kinyozi na kwa fundi viatu akiwaambia, "Akili ile hakuiokota njiani. Ni yangu."

Basi. Washiriki walipobaki sita, Mzee wa Kiti akawagawa watatu watatu. Huyu ndiye tajiri mwenye shindano, na jina alipewa kwa sababu ya kiti chake cha ngozi, ambacho wangeweza kukaa watu wawili na mizigo yao. Kazi aliyowapa ilikuwa kutengeneza mchezo wa kadi, maswali na majibu kwa watoto wa shule, wauuze madukani. Simu zao zilichukuliwa siku ile ya kwanza, kwa hiyo kila jibu lilitakiwa litoke kichwani. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana vichwa vyenyewe ndivyo hivyo.

Mama Mapazia aliwekwa na Mfuga Kuku, mwanamke mwenye sauti ya kuitia mifugo, pamoja na kijana muuza manukato aliyejitambulisha kuwa ni Mkurugenzi. Ni mkurugenzi wa nini, hakuna aliyepata kujua, lakini suti alikuwa nayo.

"Kipi kiko mbali zaidi, jua au mwezi?" Mkurugenzi akauliza, kalamu mkononi.

"Mwezi," akasema Mfuga Kuku papo hapo. "Jua linatuunguza. Mwezi umewahi kumuunguza nani?"

Mama Mapazia akaona hapo pana hoja.

"Taa ya vifaranga ukiiweka mbali, vifaranga wanapigwa baridi," Mfuga Kuku akaendelea. "Ukiiweka karibu, wanaiva. Mimi hayo ndiyo maisha yangu."

"Tupige kura," akasema Mkurugenzi, kwa kuwa kanuni za shindano zilitaka kila uamuzi wa kundi upitishwe na walio wengi. Mikono mitatu ikapanda. Mwezi ukapelekwa mbali.

Walipofika kwenye nchi kubwa kuliko zote duniani, Mkurugenzi akasema ni Ulaya. Binamu yake anaishi huko, anaizunguka mwaka wa ngapi huu na hajaimaliza. Wakapiga kura, Ulaya ikapita. Kwenye miguu ya buibui ndipo walipotaka kugombana. Mfuga Kuku alishikilia minne, Mkurugenzi sita, na Mama Mapazia, ambaye kila siku anawafagia buibui kwenye mapazia ya watu, hakuwahi hata mara moja kuwahesabu miguu. Mwisho wakaandika mitano, ili asionewe mtu.

Kisha likaja swali la kwa nini bahari ina chumvi.

"Hilo ninalo," akasema Mama Mapazia, na moyo wake ukachanua kweli. "Samaki wanatoka jasho. Wanaogelea usiku na mchana, hawana pa kukaa. Jasho lote lile litaenda wapi?"

Mkurugenzi akamtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa.

"Hiyo haina haja ya kura," akasema, akaandika.

Kadi zikachapwa, zikatiwa kwenye maboksi mazuri ajabu, na madukani zikagombaniwa. Siku ya hukumu, kipindi kikirushwa moja kwa moja alasiri, wote watatu wakaingia ukumbini wanatembea kwa madaha. Mzee wa Kiti akafungua boksi, akachomoa kadi, akaisoma kimoyomoyo. Akaisoma tena.

"Buibui ana miguu mitano. Hili mlilihakikishaje?"

"Tulipiga kura, mheshimiwa," akasema Mkurugenzi.

"Na buibui alipiga?"

Hapo watu wakaanza kuangua vicheko. Alipofika Ulaya, akauliza ni nani aliyeleta ujinga ule, na Mkurugenzi akamtaja binamu yake bila kupepesa macho. Kwenye mwezi, Mfuga Kuku akawasingizia kuku. Mzee wa Kiti akasema haya, mtu akipotoshwa na mwingine kosa si lake lote, kaeni. Wakakaa, wamepona.

Ndipo akaitoa ya samaki. Ukumbi ulicheka mpaka mpiga picha akashindwa kuituliza kamera. Mzee wa Kiti mwenyewe alifuta machozi, kisha akaeleza, kwa upole tu, kwamba mito inapita kwenye miamba, inabeba chumvi kidogo kidogo na kuipeleka baharini.

"Hii ni ya nani?"

Mama Mapazia akanyoosha mkono. Uso ulikuwa unamwaka moto.

"Wewe kazi zako nimeziona, ni safi, na fremu ile nilishaanza kukuona ndani yake. Niambie tu, nani alikudanganya? Mtaje, ukae."

Aliuona mlango wa kioo. Aliiona na nyumba yao pia: televisheni imetolewa uani, viti vya kuazima, kinyozi, fundi viatu, na mbele kabisa Profesa ameketi na shati lake la kupiga pasi. Neno moja tu, na mzee wa watu asingepita tena kwa kinyozi maisha yake yote.

"Sikudanganywa na mtu," akasema. "Nilitunga mwenyewe."

Mzee wa Kiti akatikisa kichwa. "Basi nenda nyumbani."

Akarudi na begi lake, macho chini, majirani wakimpa pole huku wameuma midomo. Alipofungua mlango, korido ilikuwa haina cherehani. Akajua baba kaitupa nje kwa aibu.

Cherehani ilikuwa sebuleni, dirishani, palipokuwa na kiti. Kiti chenyewe kilikuwa kwenye korido, baba juu yake, redio mapajani, na mpwa wa Mama Mapazia ndiyo kwanza anairuka miguu ya babu kuelekea chooni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akakohoa. "Nimeshawaambia."

"Kina nani?"

"Wote walewale. Walipoanza kukucheka nikasimama mbele ya televisheni, nikawaambia lile la samaki ni langu, anicheke mimi anayetaka."

Mama Mapazia akakaa chini palepale alipokuwa. "Baba, kwa nini uliniambia vile?"

"Ulikuwa mdogo, una homa, mama yako kasafiri, na wewe unauliza tu, hutaki kulala. Ningesema sijui, ungelia. Niliposema samaki wanatoka jasho, ukawaonea huruma, ukalala."

Alimpenda mzee yule, basi tu. Akainuka, akaenda kwenye cherehani yake, akaanza kutunga uzi.

"Kwani yule wa kiti alisema chumvi inatoka wapi?" baba akauliza kutoka koridoni. "Sikumsikia, watu walikuwa wanacheka."

"Kwenye mito."

Redio ikapunguzwa sauti. "Mitoni nimeoga mimi tangu utoto. Nimeyanywa yale maji. Hayana chumvi hata chembe."

Mama Mapazia akauacha uzi. Hilo hakuwahi kulifikiria.

"Tupige kura, baba," akasema, na mikono miwili ikapanda.