Mayai Yaliyobaki

Mkono wa Hiram ulikuwa umeshaingia ndani ya sanduku hadi kifundoni ndipo alipoikumbuka karatasi. Ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua moja tu kutoka puani mwake, kwa maandishi makubwa ya bintiye Shiru, maandishi ya kumsomesha mtoto wa chekechea: *Usifungue sanduku.* Lakini mkono ukishaingia umeingia. Kasuku jike alimdonoa kidole, akakidonoa tena palepale, na Hiram akamwambia, "Tulia basi. Mimi si mwizi."

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Mzee alikuwa amesimama juu ya kigoda kwenye veranda ya ghorofa ya pili, pale Lanet, miaka sitini na tisa ikiyumba juu ya miguu mitatu ya mbao. Mbele yake kulikuwa na kizimba kirefu cha waya chenye kasuku wanane wadogo, wale wanaoitwa baji, kijani na buluu na mmoja wa manjano, na kila mmoja alikuwa akipiga kelele kama mtu aliyeona nyumba inaungua. Sanduku la kutagia lilikuwa limening'inizwa ubavuni mwa kizimba. Humo ndani Hiram aliona vifaranga wawili, uchi, vipofu, vichwa vikubwa kuliko miili. Kando yao kulikuwa na mayai matatu meupe, madogo kama kucha ya kidole gumba.

Tangu Jumatatu alikuwa akisikia sauti humo. Alihesabu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano, leo. Siku nne! Na yule jike bado amelalia tu, kana kwamba hana watoto wa kulisha.

Sasa, mtu ambaye amefuga kuku Molo kwa miaka arobaini haulizi maana ya jambo kama hilo. Kuku huangua siku moja. Wa kuchelewa sana huchelewa hadi kesho yake. Yai linalobaki baada ya hapo ni viza, na viza halikawii kupasuka, likaoza juu ya vifaranga wazima na kuwaua wote. Marehemu mkewe, Wachuka, alikuwa na mkono mwepesi wa kuyatoa hayo mayai kabla kuku hajajua ameibiwa. Hiram aliyatoa matatu yote, akayaweka ndani ya kikombe, akafunga sanduku na kushuka kigodani akiwa na furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miezi kumi na moja. Alikuwa amefanya kazi. Kazi anayoijua.

Miezi kumi na moja. Ndiyo muda aliokuwa amekaa kwa Shiru tangu usiku ule wa Julai, Molo ilipokuwa na baridi ya kugandisha maji, akaingiza jiko la makaa chumbani, akasahau kulitoa, akalala. Jirani alimkuta asubuhi amezirai. Tangu siku hiyo neno "kusahau" lilikuwa limeganda mgongoni mwake. Akiuliza miwani yake iko wapi, Shiru na kaka yake Kang'ethe wanatazamana. Akirudia hadithi, wanatazamana. Shamba lilikuwa huko likilimwa viazi na mtu wa kukodi, nyumba imefungwa, na yeye alikuwa hapa akizunguka sebule hatua saba kwenda na saba kurudi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yake ilikuwa watoto wake wenyewe, na walimfunga kwa mapenzi, jambo linaloudhi zaidi.

Jumapili, Shiru akijiandaa kwenda Kisumu kwa mafunzo ya kazi ya siku tano, alikuwa amesema, "Baba, wiki hii uko peke yako na ndege. Kila kitu nimeandika. Ikienda sawa, nikirudi tutaongea mambo ya Molo."

Hiram alielewa: ndege wakiwa salama, huenda akarudi nyumbani kwake. Hiram aliisoma ile karatasi mpaka akaijua kama Baba Yetu. Mtama na wimbi asubuhi. Maji mapya. Sukuma wiki iliyooshwa mara mbili. Funika kizimba jua likizama.

Basi akatafuta mahali pa kuyazika yale mayai. Na hapa ndipo Lanet ilipomkera kuliko siku zote, kwa sababu ploti yote ilikuwa saruji na matofali ya kabro yaliyotandazwa chini, ukuta hadi ukuta. Nchi gani hii isiyo na udongo wa kuzika hata yai? Pipani hangeweza kutupa. Viza likipasuka pipani, nyumba nzima itanuka, na harufu ni ushahidi. Akafunika kikombe kwa leso, akavaa koti, akateremka.

Langoni alikuwa Makokha, mlinzi wa ploti, anamwagilia maji vumbi lisipeperuke.

"Mzee, sasa. Unapeleka chai wapi?"

"Si chai. Natafuta mchanga."

"Mchanga?" Makokha alikitazama kikombe, akamtazama uso, kisha kwa ile sauti ya upole ambayo watu hutumia kwa wazee waliopotea, akasema, "Shiru anajua uko nje?"

Hiram alipita bila kujibu. Upepo wa Juni ulikuwa mkali. Alitembea, akaikuta ploti tupu nyuma ya nyumba mpya zinazojengwa, akachuchumaa na kuanza kuchimba kwa kijiti. Udongo ulikuwa mkavu, mwepesi, udongo wa kijivu wa Nakuru usiofanana hata kidogo na ule mweusi wa kwake, lakini ulikuwa udongo, na mikono yake iliufurahia. Alichimba shimo kubwa kuliko lililohitajika.

Simu ikalia.

"Baba, uko salama?" Alikuwa Shiru. "Tuko break ya chai. Ndege wako aje?"

"Wazima. Wamekula."

"Sikia, nilisahau kuandika kitu. Huyo jike alitaga siku moja, anaruka moja, anataga. So hata kuangua ni hivyo hivyo, siku moja anatoka mmoja, kesho hakuna. Ukisikia sauti mpya usishtuke. Wa tatu ni leo ama kesho."

Hiram alitazama kikombe. Leso ilikuwa imepeperuka upande mmoja, na mayai yalikuwa yamekaa kwenye upepo.

"Baba?"

"Nakusikia, mama." Alimwita mama kwa sababu Shiru ndiye aliyerithi jina la mama aliyemzaa Hiram.

"Kuna upepo hapo. Uko nje?"

"Nanyoosha miguu."

"Sawa. Usiende mbali."

Simu ilikatika. Saa moja na robo. Alikuwa amezunguka na watoto wa watu ndani ya kikombe baridi kwa saa moja na robo. Aliyatoa, moja, mawili, matatu, akayatia ndani ya fulana, kwapani, akabana mkono, akarudi nyumbani kwa mwendo ambao daktari alikuwa amemkataza. Lile shimo aliliacha wazi.

Makokha alimwona anakuja amejibana upande mmoja, akatupa mpira wa maji. "Mzee! Ni kifua?"

"Ni mayai," Hiram alisema akihema, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akamwambia yote pale pale langoni.

Makokha alicheka kidogo, kisha akaona haikuwa ya kucheka. "Sasa hiyo ni shida gani, mzee? Yarudishe. Yakikataa kuanguliwa, sema ni ndege mwenyewe ameyasukuma kando yakapoa. Ndege wana wazimu. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe si utasahau," Makokha alisema. Alikuwa anatania tu, maskini, lakini Hiram alihisi kama amepigwa kofi.

Jikoni alitia maji ya vuguvugu kwenye bakuli. Wachuka alikuwa na mtihani wake wa mwisho kwa mayai yenye mashaka: yaweke kwenye maji ya uvuguvugu, uyaache yatulie, utazame. Lenye uhai hutikisika lenyewe. Aliyaweka, akashika ukingo wa meza, akatazama. La kwanza lilielea kimya. La pili kimya. La tatu liligeuka kidogo, au mkono wake ndio ulitikisa meza. Akaondoa mkono. Liligeuka tena, au lori lilipita barabarani. Alisimama pale mpaka maji yakaanza kupoa, na hakujua zaidi ya alivyojua mwanzo.

Akayapangusa kwa upole, akapanda kigoda, akayarudisha. Jike alimdonoa hadi damu, na safari hii Hiram hakumwambia atulie. Aliona jike akiyatazama mayai kwa jicho moja, kisha kwa jicho la pili, kisha akayavuta chini ya tumbo lake. Hiram alitaka kulia.

Siku hiyo hakukaa. Alitoka sebuleni akaenda veranda, akarudi, akaenda. Aliosha sukuma mara nne. Alipika uji akasahau kuunywa, ndiyo, alisahau, na akaapa kuwa hilo hatalihesabu. Alijaribu kusoma Zaburi akajikuta amesimama tena chini ya sanduku, sikio kwenye mbao, akisikiliza sauti mbili alizozizoea na kutafuta ya tatu. Haikuwepo. Ijumaa ikaja, akafanya vilevile, na adhuhuri haikuwepo. Saa tisa haikuwepo. Alitunga maneno ya kumwambia Shiru, akayapanga vizuri: jike ana wazimu, jike aliyasukuma. Yalikuwa maneno mazuri. Na Jumamosi angekuwa njiani kwenda Molo, apande gari mapema, afungue madirisha ya nyumba yake kwa mkono wake.

Saa kumi na moja mlango ulifunguka. Shiru aliingia na mkoba begani na vumbi la safari usoni, mwembamba, amechoka, akiwa na tabasamu la mtu aliyekuta nyumba haijaungua.

"Baba, uko poa? Wa tatu ametoka?"

Maneno mazuri yalikuwa tayari mdomoni. Alimtazama uso, uso ule ule wa mama aliyemzaa Hiram, na yakakwama.

"Mama, kabla hujakaa. Mayai niliyatoa mimi. Jana. Yalikaa nje saa moja na robo, kwenye upepo, nikayarudisha. Na sijasikia kitu."

Tabasamu liliondoka. "Karatasi ilisema usifungue."

"Niliisoma."

"Ulisahau?"

"Sikusahau!" Sauti yake ilimshtua hata yeye. "Ningekuwa nimesahau, ningeyaacha. Nilikumbuka kuku. Nilikumbuka kila kitu, siku, viza, namna mama yenu alivyokuwa akiyatoa. Hiyo ndiyo shida. Nilikumbuka sana."

Shiru aliuweka mkoba chini polepole. Akatoka hadi veranda, baba yake akimfuata, akakaa juu ya kigoda, akajishika paji la uso.

"Mwaka juzi," alisema, "nikianza kufuga hawa, mara yao ya kwanza kabisa kutaga, nilikuta vifaranga wawili na mayai manne. Nikangoja siku mbili. Nikayatupa yote manne. Choo, nikaflush."

"Nani alikuambia uyatupe?"

"Nani?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si ni wewe na mama. Nilikuwa na miaka sita mkinituma nizike viza nyuma ya choo. Hata sikufikiria mara mbili. Nikaja kusoma mtandaoni baadaye, nikalia kama mjinga. Sijawahi kuambia mtu." Alivitazama viatu vyake. "Wewe umeniambia hata sijavua viatu."

Hiram aliegemea kizimba. Kisha, kwa kuwa mambo yalikuwa yamefunguka na huenda yasifunguke tena, akauliza alichokuwa hajathubutu kukiuliza kwa miezi kumi na moja.

"Na Molo?"

"Sijui, baba. Nikifikiria uko huko peke yako na baridi ile, silali."

"Mimi nikikaa hapa ndiyo silali."

Shiru aliinuka, akapanda kigoda, akalifungua sanduku kwa mkono uliozoea, akatoa mayai yale akayaweka kwenye kiganja chake, akashuka. La kwanza aliliangalia tu. Lilikuwa na ufa mwembamba, wa kugongwa kikombeni, wala si wa kifaranga. La pili alilimulika kwa tochi ya simu, akaligeuza, akaligeuza tena, akatikisa kichwa. La tatu alilishika muda mrefu.

"Njoo uone. Macho yangu yamechoka na barabara."

Alimpa yai. Halikuwa na uzito wowote. Hiram alilishika kwa vidole viwili, mkono wa pili umekinga chini. Shiru alisogeza tochi nyuma ya ganda, na yai likawaka. Sehemu kubwa ilikuwa giza. Kwenye ncha palikuwa na nafasi ndogo ya hewa, rangi ya chai ya maziwa.

"Angalia hapo giza linapoishia. Akiwa hai, patatikisika," Shiru alinong'ona. Kichwa chake kiligusa cha baba yake. "Usipumue."

Hiram alikuwa ameacha kupumua kitambo. Juu yao jike alipiga kelele, akakwaruza waya, akapiga kelele tena, na wao wawili wakabaki wameinama juu ya ule mwanga mdogo, wakingoja.